Seva ya Muziki ya Nyumbani kwa Kompyuta ya Mtumba

Maandishi ya hotuba kwa wapenzi wa santuri, kanda na sidii

Ndugu mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, ndugu wapenzi wa muziki, hamjambo.

Nimeombwa nieleze namna ya kujenga seva ya muziki nyumbani, yaani kompyuta inayohifadhi muziki wako wote na kuupiga, bila kuvunja kibubu. Nianze na jambo ambalo wauza mitambo hawatalifurahia: kompyuta haina sauti. Kazi yake ni kusoma namba kutoka kwenye diski na kuzipeleka kama zilivyo kwenye kigeuzi, kile kisanduku kinachouzwa kwa jina la DAC. Kigeuzi ndicho kinachozifanya namba hizo kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Namba zikifika kamili na kwa wakati, kompyuta iliyotupwa na ofisi na mashine ya mamilioni zitatoa muziki uleule. Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye spika, zifuate diski za kuhifadhia, kompyuta ile makombo.

Tuupime mzigo wenyewe. Sidii ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani megabaiti 10 na ushei kwa dakika. Ukiubana muziki huo kwa FLAC, mfumo uliotoka mwaka 2001, unapungua hadi kukaribia nusu bila kupotea hata biti moja, na albamu ya saa moja inachukua megabaiti 300 hadi 400. Terabaiti moja basi inabeba albamu zisizopungua 2,500. Hata zile faili kubwa za biti 24 na kHz 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, ni kama megabiti 9.2 tu kwa sekunde. Kompyuta ya mwaka 2010 haitoki jasho kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa muziki unazunguka ndani ya nyumba tu, kutoka kwenye seva kwenda kwenye ruta na kurudi, hautumii bando hata kidogo.

Sasa mashine. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni laptopu kuukuu, hata iliyovunjika skrini. Uzuri wake ni betri: umeme ukikatika, muziki hauzimiki ghafla na diski haiumii, maana una UPS, betri ya akiba, ambayo hukuinunua. Lakini itazameni betri yenyewe. Kibodi au kile kibao cha kugusia kikiwa kimeinuka, betri imevimba. Itoeni, na msiiache mashine hiyo ikichaji usiku kucha. Njia ya pili ni zile kompyuta ndogo za ofisini zinazolingana na kitabu kinene: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP, ThinkCentre Tiny ya Lenovo. Zinaingia kwa wingi zikiwa za mtumba. RAM ya gigabaiti 4 inatosha, ndani yake mna nafasi ya diski ya inchi 2.5, na feni yake haisikiki ukiwa umekaa hatua chache. Njia ya tatu ni Raspberry Pi, kikompyuta cha bodi moja kinachoenea kiganjani.

Kuhusu Raspberry Pi nitasema wazi: kama tayari unayo, itumie, kama huna, usikimbilie kuinunua kwa kusikia kwamba ni rahisi. Ukishajumlisha adapta ya kweli ya volti 5 na ampea 3, kasha, kadi ya kumbukumbu na usafiri, kompyuta ndogo ya mtumba huwa imeshakuwa nafuu zaidi. Ukiichukua, chukua ya toleo la 4, lililotoka mwaka 2019, au la baadaye. Katika matoleo ya nyuma yake waya wa mtandao na matundu ya USB vilipita njia moja, vikawa vinabanana. Toleo la 4 nalo lina ukomo wake: matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2. Diski ya nje inapoanza kuzunguka inaweza kukaribia kuzimaliza peke yake, ndipo unaposikia ka-ka-ka, diski inapotea, na mwenye nyumba anailaumu programu. Chaja ya simu huzidisha balaa hilo. Dawa ni diski yenye adapta yake yenyewe, au kitovu cha USB chenye umeme wake.

Tusisahau LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kifaa cha wati 1 kikiwaka mwaka mzima bila kuzimwa kinakula yuniti 8.76. Kompyuta ndogo ya ofisini ikiwa imetulia hutumia kama wati 10, sawasawa na yuniti 88 hivi kwa mwaka. Ile ya mnara ya zamani, yenye kutumia wati 60, inakula zaidi ya yuniti 525. Aliyepewa mnara wa bure afanye hesabu hii kabla ya kushukuru.

Ukishaipata mashine, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine inayokuja kabla ya mfumo kuwaka, kabla ya jambo lolote. Tafuta kipengele kinachosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, ukiweke kwenye kuwaka. Bila hivyo, kila umeme ukikatika lazima mtu ainuke akabonye kitufe. Kama mashine inasahau mpangilio huo, au tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani imekufa. Badilisheni, ni betri ya bei ya soda. Saa iliyokosea nayo ina matata yake, kwa sababu programu zitakataa kuwasiliana na mitandao salama, na utadhani intaneti imekatika.

Kwenye diski ndiko wengi wanakoibiwa. Flashi na diski za nje zilizoandikwa terabaiti mbili na kuuzwa kwa bei ya chai zimejaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi. Ndani yake mna gigabaiti 32 au 64, na ubongo wake umedanganywa useme ni nyingi. Unanakili muziki, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe baada ya kujaa zinafuta za zamani au zinaandika hewani. Usiweke wimbo hata mmoja kabla ya kupima. Kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, tumia programu ya F3: amri ya f3write inaijaza diski, na f3read inasoma ilichoandika. Kwenye Windows tumia H2testw. Kipimo kinaweza kuchukua usiku kucha, kiacheni kimalize. Kwa diski ya mtumba, soma taarifa za afya yake kwa programu ya smartctl na utazame mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Ya kwanza ikiwa na namba ndogo isiyopanda, mnaweza kuvumiliana nayo kwa mambo yasiyo na thamani. Ya pili ikiwa si sifuri, mrudishie mwenyewe.

Mfumo uwekwe kwenye diski yake, SSD (diski isiyozunguka) ndogo yoyote hata ya gigabaiti 120, na muziki ukae kwenye diski kubwa peke yake. Diski ya muziki ipangwe kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Wengi huiacha kwenye NTFS, mpangilio wa Windows, kwa sababu wanatoka huko, na siku umeme ukikatika katikati ya kuandika, Linux inaifungua kwa kusoma tu au inakataa kabisa, na nyimbo mpya haziingii. Anayetumia kadi ya kumbukumbu kwenye Raspberry Pi awashe ule mpangilio wa raspi-config unaozuia mfumo kuandika kwenye kadi, akishamaliza kupanga kila kitu. Kadi hizo hazifi kwa uzee peke yake. Zinaharibika pale umeme unapopotea zikiwa zinaandikwa.

Programu. Asiyetaka kujifunza Linux achukue Daphile, mfumo wa seva ya muziki uliokwisha kupangwa. Pakua faili lake, liandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, iwashe kompyuta kwa flashi hiyo ikiwa imechomekwa waya wa mtandao, kisha fungua kivinjari kwenye simu uandike anwani ya IP ambayo ruta imeipa. Kuanzia hapo skrini na kibodi vinaweza kuondolewa. Ukiridhika unaisakinisha kwenye diski ya ndani, na hapo kuweni waangalifu, kwa kuwa diski utakayoichagua inafutwa yote. Anayejua Linux kidogo aweke Debian, aina mojawapo ya Linux, kisha Lyrion Music Server, ile iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server, pamoja na kichezeshi kiitwacho Squeezelite. Logitech iliacha kutengeneza vichezeshi vyake vya Squeezebox mwaka 2012, lakini programu, kwa kuwa ni ya chanzo huria, imebaki hai mikononi mwa watumiaji. Ukurasa wake unapatikana kwenye mlango wa 9000, yaani anwani ya IP ikifuatwa na :9000. Wanaopenda kitu chepesi kabisa wana MPD, na kwenye Raspberry Pi kuna moOde na Volumio zilizojengwa juu yake. Zote zinatosha. Ubishi wa ipi ina sauti tamu zaidi mimi siuingii, kwa sababu zote zikipangwa sawasawa zinatoa namba zilezile.

Zikipangwa sawasawa, nimesema, na hapa pana mtego. Mifumo ya kawaida ya kompyuta huchanganya sauti zote pamoja, muziki, kengele za ujumbe, video, na ili kuzichanganya huzigeuza zote kuwa za kasi moja, mara nyingi kHz 48. Muziki wa sidii ni kHz 44.1. Kwa hiyo kila sampuli inakokotolewa upya kabla ya kufika kwenye kigeuzi, na kwenye programu duni mkokotoo huo hufanywa kwa haraka-haraka. Kwenye Linux, ichagulieni programu kifaa kinachoanza na hw: badala ya kile cha default, kwenye Windows chagueni WASAPI ya kipekee, njia inayoipa programu moja kigeuzi peke yake. Halafu hakikisheni. Wimbo ukiwa unapigwa, soma faili la /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params, ukibadilisha namba ya kadi kulingana na mashine yako. Ukikuta rate ni 44100 kwa wimbo wa sidii, na inabadilika ukipiga wimbo wa kHz 96, njia ni safi. Ikibaki 48000 kwa kila kitu, kuna mtu katikati anachakachua.

Kigeuzi chenyewe si lazima kiwe cha bei. Tundu la sauti la kompyuta lina tabia ya kuokota kelele za ndani. Ukisogeza kipanya unasikia mlio mwembamba kwenye spika. Likwepeni. Kile kiwaya kifupi cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni ni kigeuzi kizuri kuliko umbo lake, na kwenye Linux kinafanya kazi bila kuongezwa programu. Pandisheni tu kipimo chake cha sauti kwa alsamixer, programu ya Linux ya kurekebisha sauti, kwa kuwa huanza kikiwa chini. Jueni pia kwamba kile kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya kinatoa volti nusu ya kile cha Marekani, na amplifaya nyingine zitahitaji kufunguliwa zaidi. Kwa Raspberry Pi, kibao chenye chipu ya PCM5102A kinachopachikwa kwenye pini zake kinatosha; katika faili la config.txt ongeza mstari wa dtoverlay=hifiberry-dac, na kitaonekana. Zaidi ya hapo, anayetaka kuongeza fedha asiongeze hapa. Aongeze kwenye spika.

Kuna mngurumo. Watu wengi wakishaunganisha kila kitu husikia "mmmm" nzito chini ya muziki. Hiyo ni ile 50 Hz ya umeme wetu au mara mbili yake, na chanzo chake cha kawaida ni kompyuta na amplifaya kufika ardhini kwa njia mbili tofauti. Kwa laptopu kipimo ni chepesi: chomoa chaja. Mngurumo ukikoma, umempata mwizi. Chomekeni vifaa vyote kwenye soketi moja au kwenye ubao mmoja wa soketi. Ukiendelea, tumieni waya wa mwanga kati ya kompyuta na kigeuzi kama vyote viwili vina tundu hilo, kwa sababu mwanga haupitishi umeme. Au wekeni kitenganishi chenye transfoma kwenye waya za RCA. Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi kwenye plagi, mngurumo unakwisha, wanasifiwa. Pini ile ndiyo inayowaokoa siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma. Msikubali.

Nimekimbia kwenye mashine ili nipate muda wa maktaba, maana maktaba ndiyo seva. Kompyuta ikiungua utanunua nyingine Jumatatu. Kanda ya harusi ya mwaka 1984 huipati dukani.

Kwa sidii, zioshe kwa maji na sabuni laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Soma kwa Exact Audio Copy kwenye Windows au whipper kwenye Linux, kwa njia salama inayosoma sehemu yenye shaka mara nyingi, na ulinganishe na AccurateRip. Hiyo ni hazina ya alama za sidii zilizosomwa na watu wengine. Alama zako zikilingana na zao, usomaji wako hauna kosa. Sidii za kienyeji zilizochomwa nyumba kwa nyumba hazitakuwamo, na hapo isome mara mbili ulinganishe mwenyewe.

Faili ulizogawiwa kwa flashi au kwa simu zina ugonjwa mwingine. Mtu anachukua MP3 ya kilobiti 128, anaigeuza kuwa FLAC, faili linanenepa na linaonekana la maana. Kilichotupwa hakirudi. Lifungueni kwa programu ya Spek inayochora sauti: ukiona juu ya kHz 16 pamekatwa wima kama kwa panga, hiyo ni MP3 iliyovaa kanzu. Msichanganye na kurekodi kwa zamani. Muziki wa dansi wa miaka ya sabini nao una sauti za juu chache, lakini zinafifia taratibu zikipanda, hazikatwi kwa mstari.

Kanda zina kazi. Kwanza safisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira. Kwa kichwa tumia spiriti safi na pamba ya kijiti. Kanda yenye ukungu mweupe usiiweke kwenye deki nzuri. Itachafua kichwa, na kichwa kitachafua kanda zinazofuata. Kisha, hapa ndipo wengi wanaporuka, rekebisha mwelekeo wa kichwa kwa kila kanda. Weka amplifaya kwenye mono, cheza sehemu yenye matoazi au kayamba, na kwa bisibisi ndogo zungusha skrubu ya pembeni ya kichwa polepole hadi sauti za juu zing'ae kupita zote. Kanda iliyorekodiwa kwenye deki nyingine karibu daima inahitaji hilo, na baada ya kurekodi hakuna programu inayolirudisha vizuri. Rekodi kwa biti 24 na kHz 48. Saa moja inachukua gigabaiti 1 na kidogo. Acha nafasi, kilele kisivuke −6 dB, maana ukigonga dari umeharibu. Dolby B iwashwe tu kama kanda ilirekodiwa nayo.

Kwa santuri, pleya ipite kwenye kikuza sauti cha phono, kile cha kukuza sauti ya sindano, kabla ya kompyuta. Bila hicho utasikia sauti nyembamba isiyo na besi. Zile ndogo za mwendo wa 45 za rumba na dansi zina jambo lake: wimbo mmoja umegawanywa, sehemu ya 1 upande huu, sehemu ya 2 upande wa pili, na sebene ndilo linalosubiri huko nyuma. Msiziunganishe kuwa faili moja, kwa sababu mara nyingi fundi wa studio aliififisha ya kwanza kabla ya kukata. Ziacheni mbili, zifuatane kwa namba, na FLAC itazipiga bila mwanya.

Majina. Kichanganuzi cha seva kinaamini ulichoandika, kosa la herufi moja linazaa msanii mpya. Mbaraka Mwinshehe atajitokeza pia kama Mwishehe. Ikhwani Safaa watakuwa pia Akhwani Safaa. Chagueni tahajia moja muishike, na kwa kazi hiyo tumieni programu za kuhariri lebo za nyimbo, MusicBrainz Picard au hata Kid3. Bendi zilizobadili jina ni mtihani zaidi: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Ushauri wangu ni kuandika kwenye nafasi ya msanii jina lililokuwapo siku ya kurekodi, na kwenye nafasi ya msanii wa albamu jina moja litakalowakusanya wote. Mikusanyiko ipewe "Wasanii mbalimbali" kwenye nafasi hiyohiyo, la sivyo albamu moja ya nyimbo kumi na nne itageuka albamu kumi na nne. Mwaka nao uwe wa kurekodi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Mkusanyiko wa juzi ukikuandikia mwaka wa kutolewa kwake, badilisha.

Kisha pima ukali wa sauti kwa ReplayGain, utaratibu wa kusawazisha sauti za nyimbo, ili taarab ya miaka ya sitini isizimwe na bongo fleva inayofuata. Kipimo kinaandikwa kama lebo tu, sauti yenyewe haiguswi. Ukisikiliza albamu nzima weka hali ya albamu, ukichanganya nyimbo weka hali ya wimbo.

La mwisho ni nakala. Diski mbili ndani ya kompyuta moja zikiandikwa pamoja si nakala. Ukifuta wimbo kwa bahati mbaya unafutika kote, na radi ikipita kwenye waya zinakufa zote. Nakala ni diski ya pili iliyochomolewa, ikiwezekana inayokaa nyumba nyingine, kwa dada au kwa shemeji. Ichomeke mara moja kwa mwezi, uendeshe rsync, programu ya kunakili, bila ile amri ya --delete inayofuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye seva, uichomoe. Mara mbili kwa mwaka endesha flac -t, amri ya kukagua faili, juu ya nakala nzima. Kila faili la FLAC limebeba alama ya muziki wake, na lililoharibika litajitaja kwa jina, ukalirudishe kutoka diski ile nyingine ingali nzima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. F3 imo ndani ya laptopu iliyo mezani. Aliyekuja na flashi ya "terabaiti mbili" ailete mbele, tuanze kuijaza wakati tunapokea maswali.